Chumvi, subira na kipimajoto: Siri ya bata mzinga wa Krismasi asiyekauka

KILA mwaka ifikapo Desemba, bata mzinga hupanda hadhi ghafla. Ndege ambaye kwa miezi 11 alikuwa akizurura uani akiwafokea watoto na mbwa, sasa hutafutwa kwa udi na uvumba na wenye hoteli, na hata na familia za kawaida zilizochoshwa na mbuzi na kuku wa kila sikukuu.

Hata hivyo, wengi wanaomnunua humwandaa mara moja tu, kisha huapa kutorudia. Malalamiko yao ni yale yale: nyama ilikuwa kavu, haikuwa na ladha, na ilikwama kooni hata baada ya kumwagiwa mchuzi. Kwa kuwa bei ya ndege mmoja aghalabu huwa maelfu ya shilingi, hasara hiyo si ya kupuuzwa. Isitoshe, huwa ni hasara inayotokea mbele ya wageni.

Mwandishi wa makala haya anayaelewa vyema malalamiko hayo kwa sababu aliwahi kuyasababisha. Miaka mingi iliyopita, alimtoa bata mzinga aliyeganda kwenye jokofu usiku wa kuamkia Krismasi, na asubuhi akamnyunyizia chumvi na pilipili manga juu juu, kisha akamtia katika oveni yenye moto mkali huku wageni 14 wakiwa njiani. Kufikia saa nane mchana, ngozi ilikuwa nyeusi kama kaa. Kisu kilipoingia, kidari kilikuwa kikavu mithili ya ubao, ilhali nyama ya paja iliyoshikana na mfupa ilikuwa bado nyekundu. Wageni walikula chapati kwa kabeji, na jioni wakachinjiwa kuku wawili walionunuliwa kwa jirani ili kuficha aibu.

Makosa yaliyotendeka siku hiyo yalikuwa matatu. Ndege hakupewa muda wa kuyeyuka barafu, chumvi ilitiwa ikiwa imechelewa, na kuiva kwake kulikisiwa kwa macho. Makosa hayo matatu ndiyo yanayoharibu bata mzinga wengi, na yote yanaweza kuepukwa hata na mpishi ambaye hajawahi kumshika ndege huyu.

SI BATA, WALA SI WA UTURUKI

Kwanza, ni vyema kumfahamu ndege mwenyewe. Licha ya jina lake la Kiswahili, bata mzinga hana undugu wa karibu na bata. Yeye ni wa jamii moja na kuku, kwale na tausi. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na wenyeji wa Mexico walikuwa wakimfuga karne nyingi kabla ya Wahispania kufika huko na kumpeleka Ulaya mapema katika karne ya 16.

Alipofika Ulaya, watu walimchanganya na ndege mwingine ambaye sisi tunamjua vizuri: kanga, ambaye asili yake ni Afrika na ambaye aliwafikia Wazungu kupitia biashara ya nchi zilizotawaliwa na Waturuki. Ndiyo maana Waingereza wakampa jina la Uturuki, nao Wafaransa na Waturuki wenyewe wakampa jina linalomhusisha na India. Hata Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alipompa jina la kisayansi mnamo 1758, alitumia neno Meleagris ambalo kwa Kigiriki lilikuwa jina la kanga.

Nchini Marekani, bata mzinga ndiye kitoweo kikuu cha Sikukuu ya Kutoa Shukrani, ambayo huadhimishwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Wakenya wengi wanaoishi huko wamejikuta wakimwandaa kando ya ugali na sukumawiki. Uingereza humla zaidi wakati wa Krismasi, na hiyo ndiyo desturi inayofuatwa na hoteli nyingi za Nairobi na Mombasa.

Undugu wake na kuku una maana kubwa jikoni. Kama kuku, bata mzinga wa kufugwa hutembea kutwa na huruka kwa nadra. Miguu yake, inayofanya kazi kila wakati, ina nyama nyekundu yenye kano na mafuta. Kidari chake hakifanyi kazi nyingi, kwa hivyo nyama yake ni nyeupe, laini na yenye mafuta kidogo mno. Hapo ndipo shida huanzia.

KWA NINI HUKAUKA

Takriban robo tatu ya uzito wa nyama mbichi ni maji. Nyama inapopashwa moto, protini zilizo katika nyuzi zake hujikunja na kubana, mithili ya nguo inayokamuliwa, na maji hayo hutoka. Kadiri joto linavyopanda, ndivyo nyama inavyozidi kukamuliwa.

Kidari huwa kizuri zaidi joto la ndani linapofika nyuzi 70 hivi na kuzidi kidogo. Likifika nyuzi 80, kidari huwa kimekwisha kukauka. Mapaja nayo yanahitaji kufika nyuzi 80 au zaidi ili kano zake zilainike. Mpishi ana ndege mmoja, ndani ya oveni moja, mwenye nyama za aina mbili zinazotaka joto tofauti. Akisubiri paja lilainike, kidari hukauka. Akikiokoa kidari, paja hubaki gumu.

Chumvi ndiyo inayoleta suluhu. Ikipewa muda wa kupenya, huyeyusha baadhi ya protini na kuzilegeza nyingine, hivi kwamba nyuzi za nyama hupanuka, hushika maji zaidi na hazijikamui sana zinapopikwa. Kidari kilichotiwa chumvi mapema kinaweza kuzidishiwa joto kidogo bila kuharibika, na kumpa mpishi nafasi ya kuyangojea mapaja.

Neno la kuzingatia hapa ni 'mapema'. Chumvi husafiri polepole ndani ya nyama. Ile inayonyunyizwa dakika chache kabla ya kupika hubaki juu ya ngozi, na mlaji hukutana na chumvi nje na ubapa ndani.

NJIA YA MAJI YA CHUMVI

Kuna njia mbili za kumtia ndege chumvi. Ya kwanza ni kumlowesha katika maji ya chumvi. Kipimo kinachofaa ni gramu 50 za chumvi kwa kila lita ya maji, yaani vijiko vikubwa vitatu vya chumvi laini visivyojazwa kupita kiasi.

Ndege wa kilo 5 au 6 atahitaji takriban lita 8 za maji ili azame kabisa ndani ya ndoo safi ya lita 20. Hivyo basi, chumvi itakuwa gramu 400, ambayo ni pungufu kidogo ya pakiti ya nusu kilo. Ukipenda, ongeza gramu 200 za sukari, ambayo itasaidia ngozi kupata rangi ya hudhurungi. Chemsha lita 2 za maji hayo pamoja na chumvi na sukari hadi ziyeyuke, kisha ongeza maji baridi yaliyosalia. Usimtumbukize ndege kabla maji hayajapoa kabisa.

Mwache humo kwa muda wa saa 12 hadi 18. Ukipitisha saa 24, nyama huanza kuwa na chumvi kupita kiasi na kunata kama soseji.

Wapishi wengi hujaza ndoo hiyo vitunguu saumu, tangawizi na majani ya kila aina. Hakuna ubaya, lakini ifahamike kwamba harufu ya viungo hivyo haipenyi mbali kama chumvi. Ni afadhali kuvihifadhi kwa ajili ya siagi itakayopakwa chini ya ngozi siku ya kupika.

Ndoo hiyo lazima ikae mahali penye baridi isiyozidi nyuzi 5. Viwango hivi vya chumvi havitoshi kuzuia bakteria kuzaana, na ndege aliyelowa usiku kucha kwenye joto la jikoni anaweza kuwalaza wageni hospitalini. Asiye na jokofu la kuitosha ndoo anaweza kutumia kisanduku cha kuhifadhi barafu. Zigandishe chupa kadhaa za maji zilizofungwa vizuri, uzitie humo pamoja na ndege, na uzibadilishe zinapoyeyuka. Chupa ni bora kuliko vipande vya barafu kwa kuwa haziyazimui maji ya chumvi.

NJIA YA CHUMVI KAVU

Njia ya pili haihitaji ndoo. Chukua gramu 10 za chumvi kwa kila kilo ya ndege. Kwa ndege wa kilo 5, hizo ni gramu 50, au vijiko vikubwa vitatu hivi. Mpake ndege kote, ndani ya tumbo na hasa juu ya kidari na mapaja, kisha umweke kwenye trei ndani ya jokofu, rafu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee vyakula vingine.

Mwache kwa muda wa siku moja hadi mbili. Mwanzoni chumvi itavuta maji nje, kisha itayeyuka ndani ya maji hayo na kurudi nayo nyamani. Usiku wa mwisho mwache bila kumfunika ili ngozi ikauke, kwa sababu ngozi kavu ndiyo inayokauka vizuri motoni na kuwa kakamavu inapotafunwa.

Kwa familia nyingi za mjini zenye jokofu dogo, hii ndiyo njia nyepesi zaidi. Hata ndege akikataa kuingia mzima, anaweza kukatwa vipande vikubwa: miguu miwili, mabawa mawili na kidari. Vipande hupenywa na chumvi upesi zaidi na huiva kwa muda mfupi.

Tahadhari mbili zinahitajika. Baadhi ya ndege wanaouzwa wakiwa wameganda huwa wamedungwa maji ya chumvi kiwandani. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko wake, na ukiona chumvi imetajwa, usimtie nyingine. Pili, iwapo miongoni mwa wageni wako kuna wenye shinikizo la damu, tumia chumvi kavu kwa kiasi kidogo zaidi na uwafahamishe mapema.

KALENDA YA MPISHI

Ndege aliyeganda anahitaji siku nzima ndani ya jokofu, si juu ya meza, kwa kila kilo 2 za uzito wake. Ndege wa kilo 5 atayeyuka kwa muda wa karibu siku tatu. Anayepanga kumla Desemba 25 na kumpaka chumvi kavu amtoe kwenye sehemu ya kugandishia Desemba 20, ampake jioni ya Desemba 23, na ampike asubuhi ya Krismasi.

Anayechinja nyumbani naye asichinje asubuhi ya sikukuu. Misuli ya ndege hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na anayepikwa katika hali hiyo huwa mgumu. Mchinje Desemba 23, umnyonyoe, umtoe matumbo, kisha umpumzishe jokofuni hadi siku ya pili ndipo umtie katika maji ya chumvi.

Baada ya usafi huo wa kwanza, hakuna haja ya kumwosha tena chini ya mfereji kabla ya kupika. Najua ushauri huu utawashangaza wengi waliolelewa kuamini kwamba nyama isiyooshwa si safi. Lakini maji yanayorukaruka hueneza bakteria kama vile Salmonella na Campylobacter kwenye sinki, sahani na saladi ambayo haitapikwa. Kinachowaua ni moto. Mtoe ndege katika maji ya chumvi, uyamwage maji hayo, umkaushe kwa karatasi za jikoni, kisha unawe mikono kwa sabuni.

SIKU YENYEWE

Washa oveni hadi nyuzi 220. Wakati huo, changanya gramu 100 za siagi na vitunguu saumu vilivyopondwa, pilipili manga na majani ya rosmari au dania iliyokatwakatwa. Usitie chumvi. Penyeza vidole kati ya ngozi na kidari polepole isichanike, upake siagi hiyo humo, na inayosalia upake juu.

Tumboni weka kitunguu na limau lililokatwa, basi. Wanaopenda kujaza wali au mkate tumboni wanajitafutia balaa, kwa kuwa mjazo huo hupata joto mwisho kabisa. Afadhali upikwe kando.

Mweke ndege kwenye trei, kidari kikiwa juu na miguu ikielekea upande wa ndani wa oveni, ambao kwa kawaida huwa na joto zaidi. Baada ya dakika 30, punguza moto hadi nyuzi 165. Ngozi ya kidari ikipata rangi mapema, ifunike kwa karatasi ya foili. Usifungue mlango kila mara ili kummwagia mafuta, maana joto hutoroka na muda huongezeka.

Ndege wa kilo 5 kwa kawaida huchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Lakini saa ni mwongozo tu. Anza kumpima baada ya saa mbili.

Hapa ndipo kipimajoto cha jikoni kinapolipa gharama yake, ambayo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya ndege. Kichome sehemu nene ya kidari, kisha sehemu ya ndani ya paja bila kugusa mfupa. Sehemu zote lazima zifike nyuzi 74, kiwango ambacho bakteria hatari hufa papo hapo, na paja likipanda hadi 80 litakuwa laini zaidi. Rangi ya maji yanayotoka si shahidi wa kuaminika: ndege anaweza kutoa maji meupe akiwa bado mbichi, au ya waridi akiwa ameiva.

Ukimtoa, usimkate mara moja. Mpumzishe dakika 30 juu ya meza. Nyama itatulia na maji yake hayatamwagikia kwenye ubao. Muda huo unatosha kutengeneza mchuzi kutokana na mafuta yaliyobaki kwenye trei, lakini uonje kwanza kabla ya kutia chumvi, kwa sababu mafuta hayo tayari yana chumvi ya ndege.

Anza kwa kutenganisha miguu. Kisha bandua kila upande wa kidari ukiwa mzima, na uukate vipande kwa kuvuka nyuzi za nyama, si kwa kuzifuata.

ASIYE NA OVENI

Kukosa oveni si sababu ya kukosa kitoweo. Tangu jadi, wapishi wetu wa Pwani wamepika kwa kupalia makaa juu ya kifuniko, na mbinu hiyo hufaa hapa. Kata ndege vipande, uvitie chumvi kavu kwa siku nzima, uvipange ndani ya sufuria nzito iliyopakwa mafuta, uweke juu ya makaa machache na upalie mengine juu ya kifuniko. Mapaja yatangulie, na kidari kiongezwe baada ya nusu saa.

Anayechoma kwenye moto wa wazi apange makaa upande mmoja na nyama upande wa pili, la sivyo atarudia mkasa wa mwandishi: nje kaa, ndani damu.

Dume mzee wa kienyeji, ambaye ametembea miaka miwili au mitatu, anahitaji huruma zaidi. Tokosa miguu yake kwanza kwa moto mdogo hadi ilainike, kisha uimalizie motoni ipate rangi. Wakazi wa nyanda za juu wakumbuke kwamba jijini Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 94 tu badala ya 100. Kwa hivyo utokosaji utachukua muda mrefu kuliko Mombasa.

Baada ya karamu, mabaki yasiachwe mezani hadi wageni wa jioni wafike. Yatie jokofuni kabla ya saa mbili kupita, na yaliwe ndani ya siku tatu au nne. Mifupa hutoa supu nzuri, na nyama iliyochambuliwa huingia vyema katika pilau ya siku ya pili.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Kwa bata mzinga, methali hiyo ina vipimo: siku tatu za kuyeyuka, siku moja au mbili za chumvi, saa tatu za moto na nusu saa ya kupumzika. Mwandishi huyu amevifuata vipimo hivyo Krismasi nyingi tangu ile ya aibu. Wageni wale wale bado huja, na jirani hajaulizwa tena habari za kuku wake.